Je, nichapishe mwenyewe kama Beatrix Potter?

*"Mimi ni mwalimu wa darasa la pili. Nimeandika hadithi ya watoto kuhusu kanga mdogo anayetoroka nyumbani kwenda shamba la mtama; ina maneno kama 1,800. Wachapishaji wanne wameikataa, wengine wawili hawakujibu kabisa. Rafiki yangu ananiambia Beatrix Potter wa Uingereza naye alikataliwa na wote, akachapisha kitabu mwenyewe, akatajirika. Kiwanda kimoja cha uchapaji kimenipa bei nafuu nikichukua nakala 3,000, na nafikiria kukopa SACCOS. Sijui kuchora, ila mpwa wangu anaweza kunichorea. Tena nimesikia hakimiliki ya Potter imekwisha. Je, naweza kumtumia yule sungura wake mwenye koti la bluu ili kitabu kiuzike haraka?"*

Mwalimu, pole kwa majibu hayo manne, na pole zaidi kwa wale wawili waliokaa kimya. Unataka kujua mambo matatu: kama uchapishe kwa pesa zako, nani achore, na kama sungura wa mtu mwingine anaweza kukubebea kitabu. Nitaanza na Potter mwenyewe, mwandishi na mchoraji wa hadithi ya sungura Peter Rabbit, kwa sababu hadithi uliyosimuliwa ina ukweli ndani yake lakini imekatwa vibaya, na ukiifuata ilivyo utaingia kwenye mkopo ambao Potter mwenyewe hakuwahi kuuchukua.

Kwanza, hakukopa. Beatrix Potter alizaliwa London tarehe 28 Julai 1866, katika ukoo uliotajirika kwa biashara ya pamba ya Lancashire. Kitabu chake cha kwanza kisingemrudishia hata senti, chakula cha jioni kingekuwepo mezani. Ni haki tuliseme hili wazi, maana watu hulisahau wanapowatia moyo waandishi wasio na akiba.

Pili, hakuanza na kitabu. Alikuwa akichora tangu utotoni, tena akichora wanyama aliowafuga: sungura, panya, popo, kalunguyeye. Mwaka 1890 aliiuzia kampuni ya Hildesheimer & Faulkner michoro ya kadi za sikukuu kwa pauni 6. Katika miaka ya 1890 alichora uyoga kwa umakini wa kisayansi, na mwaka 1897 makala yake kuhusu uotaji wa mbegu za uyoga iliwasilishwa katika Linnean Society, chama cha wanasayansi wa viumbe cha London. Aliyeiwasilisha alikuwa mwanamume, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa kuhudhuria mikutano ile. Kitabu chake kilipotoka alikuwa na umri wa miaka 35, na mkono wake ulikuwa umefanya kazi miaka mingi.

Hadithi yenyewe ilianza kama barua. Tarehe 4 Septemba 1893, akiwa Dunkeld huko Scotland, alimwandikia Noel Moore, mtoto wa miaka mitano aliyekuwa mgonjwa, ambaye mama yake aliwahi kuwa mwalimu wa nyumbani wa Potter. Alimwambia hajui amwandikie nini, basi atamsimulia habari za sungura wanne wadogo. Akaandika na kuchora kwenye karatasi ileile, maneno machache, mchoro, maneno tena. Noel aliitunza barua hiyo. Miaka saba baadaye Potter aliiazima, akaipanua, akapeleka mswada kwa wachapishaji wasiopungua sita. Wote walikataa.

Hapa rafiki yako anasema kweli. Ila tazama sababu. Kilichobishaniwa zaidi hakikuwa ubora wa hadithi. Baadhi walitaka kitabu kikubwa zaidi, cha bei ya juu, chenye rangi. Potter alitaka kitabu kidogo cha kushikika katika mikono ya mtoto mdogo, kiuzwe shilingi moja ya Uingereza ya wakati huo. Katika barua kwa dada yake Noel, mwaka 1900, alieleza kwamba ni afadhali vitabu viwili vitatu vya shilingi moja kuliko kimoja cha shilingi sita, kwa sababu sungura wadogo hawana shilingi sita za kutoa kwa kitabu kimoja. Rangi aliikataa kwa sababu ya gharama, na pia kwa sababu aliona kahawia ya sungura na kijani cha majani havina mvuto. Mgogoro, basi, ulihusu umbo na bei ya kitabu. Alijua msomaji wake ni nani na mfuko wa mzazi wake una nini.

Desemba 1901 akachapisha nakala 250 kwa pesa zake, michoro ikiwa ya wino mweusi, isipokuwa mmoja wa mwanzoni wenye rangi. Nyingine alizigawa, nyingine akaziuza. Arthur Conan Doyle, mwandishi wa Sherlock Holmes, alipata moja kwa ajili ya watoto wake. Zilipokwisha aliongeza 200, Februari 1902. Zile nakala ndizo watu huziita ushindi wa kujichapishia. Lakini kabla hazijatoka, mazungumzo na kampuni ya Frederick Warne, mojawapo ya waliokataa mwanzo, yalikuwa yameanza upya. Rafiki wa familia, kasisi Hardwicke Rawnsley, alikuwa ameigeuza hadithi kuwa mashairi na kuwapelekea Warne pamoja na michoro. Warne waliyaacha mashairi wakataka nathari ya Potter mwenyewe, kwa sharti moja: michoro ipakwe rangi. Safari hii alikubali, kwa kuwa njia ya kuchapa kwa rangi tatu ilikuwa imewezesha rangi nzuri kwa bei ya chini, na kitabu kikabaki kidogo kama alivyotaka. Oktoba 1902 Warne walitoa nakala 8,000, zikawa zimeagizwa zote kabla ya siku ya kutoka. Mwaka ulipokwisha, zilizochapwa zilifika 28,000.

Kwa hiyo kilichomtajirisha ni mchapishaji mwenye mtandao wa maduka na uwezo wa kuchapa tena upesi. Nakala zake mwenyewe zilikuwa jaribio, na alijaribu kwa idadi ambayo isingemuumiza. Mwaka huohuo alifanya vilevile na *The Tailor of Gloucester*: nakala 500 kwa gharama yake, kisha toleo la Warne mwaka 1903.

Sasa nakala zako 3,000. Elewa kwanza bei ile "nafuu" inatoka wapi. Uchapaji wa ofseti una gharama kubwa ya mwanzo: pleti zinatengenezwa, mashine inapangwa, karatasi zinaharibika mpaka rangi ikae sawa. Gharama hiyo ni ileile ukichapa 300 au 3,000, ndiyo maana bei ya nakala moja hushuka kadiri idadi inavyopanda. Uchapaji wa dijitali hauna pleti, hivyo nakala moja hugharimu zaidi lakini unaweza kuchapa 100 tu. Mwenye kiwanda hakudanganyi akisema 3,000 ni nafuu kwa nakala. Ila hakuambii kwamba nakala 2,400 zilizokaa chini ya kitanda zinakula unafuu wote, na mchwa na unyevu hawangoji soko.

Piga hesabu kwa njia hii. Andika bei ambayo mzazi wa mtoto wa darasa lako anaweza kutoa bila kuumia. Toa punguzo la duka la vitabu, ambalo mara nyingi ni theluthi moja ya bei au zaidi. Toa usafirishaji, na nakala utakazogawa bure kwa shule na kwa watu wa kukutangaza. Chukua gharama zote, pamoja na malipo ya mchoraji na riba ya mkopo, uzigawe kwa kinachobaki katika kila nakala, uone ni nakala ngapi lazima ziuzwe kabla hujapata shilingi ya kwanza. Kisha jiulize kwa majina: nani atazinunua? Ukiorodhesha shule na maduka unayoyafahamu ukakwama kwenye nakala 200, basi idadi yako ni 200. Mimi ningekushauri uchape kati ya 100 na 300 kwa dijitali, kwa pesa ambayo ikipotea nyumba haitikisiki, na SACCOS uiache. Kabla ya hapo, omba ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu. Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya ni huduma ya maktaba ya taifa, KNLS. Bila namba hiyo maduka mengi hayatakupokea.

Na kabla hujachapa hata moja, rudi kwenye mswada. Nadhani tatizo lako la kwanza liko hapo. Maneno 1,800 kwa mtoto wa darasa la pili ni mengi mno kwa kitabu cha picha. Hadithi ya Peter Rabbit, iliyomfikisha Potter hapo alipofika, ina maneno chini ya 1,000. Kitabu cha picha kwa kawaida huwa na kurasa 32, kwa kuwa karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa kutoa kurasa nane au 16 kwa mkupuo. Ukitaka 35 utalipia kurasa tupu. Toa kurasa za jina la kitabu na hakimiliki, utabaki na jozi 13 au 14 za kurasa zinazotazamana. Gawa maneno yako 1,800 humo uone: zaidi ya maneno 120 kila jozi, na picha haina pa kukaa.

Mtazame Potter alivyofanya. Upande mmoja sentensi chache, upande wa pili picha, na kila unapofunua ukurasa jambo limesogea. Mama sungura anawaonya wanawe wasiingie bustani ya Bwana McGregor, kwa sababu baba yao aliingia humo akaishia kuwa pai ya Bibi McGregor. Basi, hakuna machozi wala mahubiri. Mtoto ameshajua hatari ni ya kweli, na hadithi inaendelea. Waandishi wengi wa kwetu hapo wangeweka aya nzima ya mafunzo. Wewe nawe, najua bila kuuona mswada, una aya ya mwisho inayomweleza kanga ubaya wa kutowasikiliza wazazi. Ifute. Peter anarudi nyumbani hoi, anapewa dawa na kulazwa, wenzake wanakula mkate, maziwa na matunda. Mtoto anaelewa.

Kuna jambo jingine zuri katika kitabu kile, nalo linajibu swali lako la mchoraji. Peter anavaa koti la bluu lenye vifungo vya shaba, na viatu. Anapofukuzwa anapoteza kiatu kimoja kwenye kabeji, kingine kwenye viazi. Akishabaki bila viatu anakimbia kwa miguu minne, na mbio zinaongezeka. Kisha vifungo vya koti vinamnasa kwenye wavu, naye anaponea kwa kulivua. Ona kinachotendeka: akiwa na nguo ni mtoto mtundu, akizivua ni sungura kamili, na ile miguu ya nyuma, masikio, mgongo, vyote ni vya sungura wa kweli. Hilo liliwezekana kwa sababu Potter aliwachora sungura wake walio hai kwa miaka, wakiwa wamelala, wakila, wakishtuka. Ukimvalisha mnyama nguo bila kuujua mwili wake, unapata binadamu mwenye kichwa cha mnyama, na watoto huchoka naye haraka.

Kwa hiyo mpe mpwa wako jaribio. Akae na kanga halisi siku kadhaa, achore kichwa chenye upembe wake, madoa ya manyoya, jinsi anavyokimbia badala ya kuruka anapofukuzwa. Kisha achore kanga yuleyule katika kurasa tatu tofauti: amesimama, anakimbia, amejificha. Mkiweka michoro mitatu mezani na mtoto asiyemjua akasema huyu ni kanga mmoja, endeleeni. Akisema ni watatu, tafuta mchoraji mwingine, hata kama ni ndugu. Michoro iskaniwe kwa nukta 300 kwa inchi katika ukubwa itakaochapwa, izidi ukingo wa kukatia kwa milimita tatu kila upande, na maneno yasikae karibu na mkunjo wa katikati. Mafaili yabadilishwe kuwa rangi nne za uchapaji kabla ya kupelekwa kiwandani, la sivyo kijani kinachong'aa kwenye simu kitatoka kimefifia, na utamlaumu mpiga chapa bure.

Halafu andikiana na mpwa wako. Undugu hauzuii ugomvi wa mrabaha. Karatasi moja inatosha: analipwa kiasi gani au asilimia ngapi, michoro ni mali ya nani, na itakuwaje mchapishaji akija kukitaka kitabu lakini akataka mchoraji wake.

Kuhusu sungura wa koti la bluu, jibu langu ni usimguse. Ni kweli Potter alifariki tarehe 22 Desemba 1943. Uingereza huhesabu miaka 70 baada ya kifo, kwa hiyo hakimiliki ya vitabu alivyovitoa akiwa hai ilikwisha mwisho wa 2013. Tanzania na Kenya, zinazohesabu miaka 50, ilikwisha mapema zaidi. Unaruhusiwa, kwa mfano, kutafsiri hadithi ile kwa Kiswahili. Lakini jina na sura ya Peter Rabbit pia ni alama za biashara za Frederick Warne, ambayo leo iko chini ya Penguin, na alama ya biashara haifi kwa kuhesabu miaka tangu mwandishi afe. Huhuishwa maadamu mwenyewe anailipia na kuitumia. Kumweka kwenye jalada lako ili kitabu kiuzike ndilo hasa jambo ambalo sheria hiyo inalikataza.

Tena huna haja naye. Katika miaka ya 1890 Potter alichora matukio kutoka hadithi za Uncle Remus zilizokusanywa na Mmarekani Joel Chandler Harris, na sungura mjanja wa hadithi zile alisimuliwa na watu waliotolewa Afrika utumwani. Ni ndugu wa Sungura wetu anayemzunguka Fisi na Simba. Huyu hana mwenye alama ya biashara; ni wa bibi zetu sote. Wala sikushauri umbadilishe kanga wako kwa ajili yake. Kanga katika shamba la mtama ni kitu ambacho watoto wako wamekiona kwa macho yao, na vitabu vyenye kanga si vingi.

Hofu ya kuibiwa kazi unayo pia, ingawa hukuisema, huwa ipo. Potter iliwahi kumpata. Warne hawakusajili hakimiliki ya kitabu cha kwanza Marekani, na mapema tu nakala za wezi zikauzwa huko bila yeye kulipwa. Siku hizi mambo ni mepesi kidogo: kwa Mkataba wa Berne, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, hakimiliki inazaliwa mara unapoandika, bila usajili. Ila kusajili kwenye ofisi ya hakimiliki, yaani COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar au KECOBO kwa Kenya kunakupa ushahidi wa tarehe, na hilo ndilo linalotafutwa mahakamani. Potter alijifunza upesi. Desemba 1903 alisajili mwanasesere wa Peter Rabbit aliyemshona mwenyewe, kisha zikafuata karatasi za ukutani na michezo ya mezani. Sehemu nzuri ya kipato chake ilitoka huko, kwa sababu haki hizo hakuziachia.

Jingine la kuchukua kwake ni uangalizi wa hesabu. Alifanya kazi vizuri sana na mhariri wake Norman Warne, akachumbiwa naye mwaka 1905. Norman akafariki Agosti mwaka huohuo. Baada yake Potter alishughulika na Harold, kaka wa Norman. Kwa miaka alilalamika kwamba taarifa za mauzo na malipo vinachelewa. Mwaka 1917 Harold alikamatwa kwa kughushi, na kampuni karibu ianguke. Potter, aliyekuwa miongoni mwa wadai wakubwa, aliisaidia kwa kuandaa vitabu vipya. Ulikuwa moyo mwema, lakini pesa zake zilikuwa zimezuiliwa muda mrefu. Ukipata mchapishaji, mkataba utaje tarehe za kupewa taarifa ya mauzo, haki ya kukagua vitabu vya hesabu, na kwamba haki zinakurudia kitabu kikiacha kuchapwa kwa muda fulani.

Usitegemee pia kwamba kitabu kimoja kitakulipa maisha. Kati ya 1902 na 1913 Potter alitoa karibu vitabu viwili kila mwaka, na ni mapato ya vile vya mwanzo, pamoja na urithi mdogo wa shangazi, yaliyomnunulia shamba la Hill Top huko Near Sawrey mwaka 1905. Baada ya kuolewa na wakili William Heelis, Oktoba 1913, ufugaji wa kondoo wa Herdwick ulimchukua, na vitabu vikawa vichache. Alipofariki aliiachia National Trust, shirika la Uingereza la kuhifadhi ardhi na majengo ya urithi, zaidi ya ekari 4,000. Wewe una darasa na mshahara. Andika hadithi ya pili wakati hii inajaribiwa.

Nikiwa wewe ningefanya hivi muhula huu. Punguza mswada hadi maneno 700 au 800. Kunja karatasi za kawaida utengeneze kitabu cha kurasa 32 kwa mkono, ubandike maneno na michoro ya penseli, ukisome kwa darasa la mwenzako, si lako, maana wako wanakupenda. Weka alama kila mahali wanapogeuka kutazama dirishani. Rekebisha, soma tena kwa darasa jingine. Hapo ndipo uchape zile chache, na uzipeleke upya kwa wachapishaji pamoja na barua fupi inayosema zimeuzwa ngapi na wapi. Kabla ya kuwapelekea, tazama orodha zao: wengi hutegemea vitabu vya shule, na kitabu kisichoweza kuombewa ithibati ya Taasisi ya Elimu Tanzania, au ya KICD, taasisi ya mitaala huko Kenya, hukataliwa hata kikiwa kizuri. Huenda hiyo ndiyo sababu ya baadhi ya majibu uliyopata.

Mambo mawili usiyamalize kwa simu wala kwa kunisoma mimi. Kiwandani nenda mwenyewe, uombe nakala moja iliyochapwa kwa karatasi na mashine ileile, uikague mchana, uvute kurasa za katikati uone kama pini zinashika, ndipo utie sahihi ya kuruhusu. Na mkataba wowote wenye maneno ya kuhamisha haki zote, au wa kudumu, upeleke kwa wakili au kwenye ofisi ya COSOTA ukiwa bado hujausaini. Beba mswada wenye tarehe, makubaliano yako na mpwa wako, na barua zote ulizoandikiana na mchapishaji.